Kioo cha kawaida, tempa, lamineti, akriliki au polikaboneti: kipi uweke wapi, na kitavunjikaje

Mama mmoja aliingia karakanani kwangu hapa Dar es Salaam na karatasi ya daftari iliyojaa vipimo vya nyumba nzima: madirisha manane, mlango wa bafu, ukingo wa ngazi, rafu za kabati la vyombo, na tundu la paa juu ya korido. Akasema, "Mwanangu, mimi nataka tempa, kile kioo kilichopikwa, kila mahali. Nimeambiwa haivunjiki."

"Mama, tempa inavunjika," nikamjibu. "Tena ikivunjika, inavunjika yote."

Akaniangalia kama muuza samaki aliyekiri kwamba samaki wake ni wa jana. Ikabidi tuvute viti. Tuliyoongea siku ile ndiyo naandika hapa, nimeongeza namba ambazo kwa mdomo ningemchosha nazo.

Ukienda kununua kioo ukiuliza kipi hakivunjiki, utauziwa chochote. Maswali yanayosaidia ni mawili. Kabla hakijavunjika, kitapinda kiasi gani? Na siku kikivunjika, vipande vitakwenda wapi? Ukiyajibu hayo kwa kila dirisha na kila mlango, uamuzi unabaki mwepesi.

Ukoo mmoja, tabia tano

Vitu vyote vitano nitakavyolinganisha ni ndugu: kioo cha kawaida, tempa, lamineti (vioo viwili vyenye utando katikati), na plastiki angavu mbili, akriliki na polikaboneti. Kitaalamu ni yabisi amofasi, yaani vitu vigumu ambavyo chembe zake hazikupangwa. Ndani ya chuma, atomu zimesimama kwa safu kama askari wa gwaride. Ndani ya kioo zimebanana kama abiria wa daladala la saa kumi na mbili jioni: kila mmoja kashika alipopata, hakuna mstari wala foleni.

Hilo ndilo linaloamua mambo siku ya kubeba mzigo. Chuma kikizidiwa, safu za atomu huteleza moja juu ya nyingine. Nondo inapinda, inabaki imepinda, na wewe unaona kwamba imeelemewa. Kioo hakina safu za kutelezesha. Kinanyumbuka kidogo kinarudi, kinanyumbuka kinarudi, halafu siku moja kinapasuka bila kubisha hodi. Akriliki na polikaboneti nazo hazina safu, ila zimeundwa kwa minyororo mirefu iliyosokotana kama tambi sahanini, na tambi zinaweza kuvutana na kuachiana taratibu. Kwa hiyo plastiki hizi zina nafasi ya kulegea ambayo kioo hakijapewa.

Niliondoe na lile la shuleni, kwamba kioo ni kimiminika kinachotiririka polepole, ushahidi ukiwa madirisha ya makanisa ya kale ya Ulaya yaliyo manene chini kuliko juu. Vioo vile vilitengenezwa zamani kwa kupuliza na kuzungusha, vikatoka na unene usio sawa tangu siku ya kwanza. Kwa joto la kawaida kioo cha dirisha hakitiririki, hata ukikisubiri umri wa dunia. Dirisha lako likianza kucheza, tazama fremu.

Kioo cha kawaida

Watu wanadhani fundi anakata kioo. Hakuna anayekata kioo. Kalamu yangu ina kigurudumu kidogo cha chuma kigumu. Nakichovya kwenye mafuta ya taa, nakiburuta mara moja tu, na kinatoa sauti kama ya kuchana kitambaa kipya. Mstari ule ni jeraha, ufa mwembamba ambao jicho linauona kama unywele. Nauweka mstari sawa na ukingo wa meza, nabonyeza, na kioo kinajifungua chenyewe kufuata jeraha. Ukiuacha mpaka kesho yake unakuwa mkaidi, kioo kinapasukia kinakotaka chenyewe.

Mhandisi Mwingereza A. A. Griffith, aliyekuwa kwenye utafiti wa ndege kule Farnborough, ndiye aliyeeleza jambo hili mwaka 1921. Ukihesabu nguvu inayoshika atomu za kioo, kingestahili kubeba mkazo wa maelfu ya megapaskali, kipimo cha nguvu inayobeba kila kipande cha eneo. Vioo halisi hupasuka kwenye makumi. Akasema mwizi wa nguvu ni mikwaruzo: kila ufa mdogo unakusanya mkazo wote kwenye ncha yake, kama pakiti ya karanga isiyochanika mpaka uitie jino pembeni. Chuma kina namna ya kuibutua ncha hiyo kwa kulegea kidogo pale pale. Kioo hakina, kwa hiyo ufa unakimbia, na ukishapata mwendo unaweza kwenda mita 1,500 kwa sekunde.

Ndiyo maana fundi mzuri unamjua kwa kingo zake. Kioo kilichokatwa vizuri na kupigwa msasa pembeni kinabeba zaidi ya kile kile chenye kingo zilizoliwaliwa, hata kama vimetoka sanduku moja.

Viwango vya Ulaya vinakipa kioo cha kawaida megapaskali 45 za mkazo wa kupindwa. Ukakamavu wake, yaani ubishi wa kupindwa, ni gigapaskali 70 hivi (gigapaskali moja ni megapaskali elfu moja), karibu sawa na aluminiamu inayokishikilia. Gawanya, utaona kwamba kwa mkazo huo urefu wa mita moja umevutika milimita 0.6 tu. Huo ndio uvumilivu wake wote. Mvutano wowote unaotoka kwenye fremu iliyokaa mshazari, skrubu iliyokazwa kupita kiasi au ukuta uliokaa upande mmoja unakula kwenye hiyo nusu milimita na ushee.

Muda nao unaingia. Unyevu wa hewani unaingia kwenye ncha ya ufa na kuzikata kamba za atomu moja baada ya nyingine kama kioo kimebeba mzigo mfululizo. Kioo kinachostahimili kishindo cha upepo wa sekunde chache, ukikipa mzigo wa kudumu, kihesabie kama theluthi ya nguvu ile. Rafu iliyobeba sufuria za udongo miaka mitatu ikashuka usiku watu wamelala haina jini. Na jua je? Tofauti ya nyuzi joto 40 hivi za Selsiasi kati ya sehemu iliyochomwa na jua na sehemu iliyo kivulini inatosha kukipasua.

Kikivunjika, kinatoa vipande virefu vyenye ncha kama majambia, na vingine vinabaki vimening'inia kwenye fremu vikisubiri mkono.

Pamoja na yote hayo, ndicho ninachokiuza zaidi na sioni aibu. Dirisha la ghorofani lililo juu ya kimo cha kiuno, lenye grili, ambalo hakuna anayeliegemea, halihitaji zaidi ya kioo cha kawaida cha mm 5 au 6. Kinakatika hapo hapo, kinabadilishwa siku hiyo hiyo, na tangu kile kiwanda cha kioo cha floti kizinduliwe Mkuranga mwaka 2023, kupatikana kwake si shida. Floti ni mbinu aliyoitangaza Alastair Pilkington wa Uingereza mwaka 1959: kioo kilichoyeyuka kinaelea juu ya madini ya bati yaliyoyeyuka, kinatoka kimenyooka pande zote mbili bila kusuguliwa. Vioo vingi vya madirisha duniani leo ni floti, na tempa na lamineti nazo zimezaliwa humo.

Tempa

Chukua kioo kile kile, kikate kwa kipimo, toboa matundu yote unayoyataka, kisha kipashe moto mpaka nyuzi 620 au 650 hivi, ukitoe na kukipiga kwa hewa baridi pande zote mbili kwa wakati mmoja. Ngozi yake inaganda kwanza. Tumbo linaganda baadaye na linapotaka kusinyaa linakuta ngozi imeshakaza, kwa hiyo linaivuta ndani. Mwisho wa yote, uso wa kioo umebinywa na tumbo limevutwa, wala hakuna mzigo wowote juu yake. Anayetaka kupasua uso ule lazima kwanza aumalize mbinyo huo. Ndiyo maana megapaskali 45 zinapanda zikawa 120.

Wazungu wa karne ya 17 walikuwa wanachezea jambo hili wakidondosha kioo kilichoyeyuka kwenye maji. Kilitoka tone lenye mkia, ambalo Waingereza waliliita kwa jina la mwana wa kifalme Rupert. Kichwa cha tone kinastahimili nyundo. Ukivunja mkia, lote linageuka unga mkononi.

Tabia hiyo ya mkia ndiyo wauzaji wasiyoitaja. Nguvu ya tempa ni mvutano uliofungiwa ndani kama maji nyuma ya bwawa. Mkwaruzo ukipenya ngozi ukafika tumboni, unafungulia kila kitu, na kioo chote kinakuwa punje kabla hujafumba jicho. Viwango vya Ulaya vinataka angalau vipande 40 ndani ya mraba wa sentimita 5 kwa 5. Umeshaziona kando ya barabara baada ya ajali, zile punje za kioo cha pembeni cha gari, kama chumvi ya mawe. Zinachubua, hazichomi tumboni. Kwa usalama wa mwili hilo ni jambo jema sana. Kwa mwizi pia ni jema: gonga moja, uwazi mzima.

Mahali pake dhaifu ni pembe. Mwaka fulani niliegemeza mlango wa tempa wa mm 10 ukutani, pembe yake ya chini ikiwa juu ya marumaru bila hata kipande cha mbao. Kijana wangu akausogeza kidogo tu, sentimita mbili tatu. Nilisikia mlio kama bunduki ya watoto wa Idi, nikageuka, mlango haupo. Kulikuwa na lundo la punje linaloendelea kutatarika lenyewe sakafuni kama mafuta kwenye kikaango. Marumaru ni ngumu kuliko tunavyoifikiria, na pembe ya kioo ikikanyaga punje ya mchanga juu yake, mkazo wote unakaa kwenye kitone kimoja. Tangu hapo vipande vya mbao na mpira hutangulia kushuka garini kuliko kioo.

Kuna na ile ya kuvunjika bila kuguswa. Mara chache kioo kinatoka tanuruni na chembe ya salfaidi ya nikeli tumboni. Chembe hiyo ni fuwele, mgeni mwenye safu ndani ya nyumba isiyo na safu, na huwa inabadilika umbo polepole na kuvimba. Inaweza kuchukua miezi au miaka. Kwa mlango wa bafu ni bahati mbaya tu. Kwa kuta za kioo za ghorofa kubwa, mhandisi anaagiza tempa iliyookwa tena kiwandani kwa saa kadhaa karibu na nyuzi 260, ili zenye mdudu zivunjikie huko huko.

Jambo linalowapotosha wengi kuliko yote ni hili: tempa haipindi kidogo kuliko kioo cha kawaida. Ukakamavu ni ule ule, gigapaskali 70. Tanuru liliongeza uwezo wa kuvumilia kupindwa, halikuongeza ubishi wa kupindwa. Mteja anayebadilisha rafu ya mm 5 inayolegea kwa tempa ya mm 5 amelipa zaidi kununua ulegevu ule ule. Dawa ya kulegea ni unene, kwa sababu ukakamavu wa karatasi unakua kwa unene mara unene mara unene. Kutoka mm 5 kwenda mm 6 unapata asilimia 73 zaidi. Kutoka mm 4 kwenda 6, zaidi ya mara tatu.

Joto inalivumilia vizuri, tofauti ya kama nyuzi 200, kwa hiyo nyuma ya jiko ndipo pake. Kuitambua, tafuta mhuri mdogo kwenye kona, au vaa miwani ya jua ya polaroidi utazame kioo kwa mshazari: utaona madoa ya kivuli kama ya chui. Hayo ni alama za pua za hewa baridi, mkazo ulioganda ukaonekana kwa macho.

Kioo cha simu ni binamu yake wa karibu. Hakipulizwi hewa, kinachovywa kwenye chumvi ya potasiamu iliyoyeyuka, atomu kubwa za potasiamu zinajipenyeza zilipokuwa za sodiamu, na uso unabinywa kwa mamia ya megapaskali. Ila ngozi hiyo iliyobinywa ina unene wa sehemu ndogo sana ya milimita. Mchanga wa Coco Beach unaitosha.

Lamineti

Hapa hakuna ujanja wa tanuru. Ni karatasi mbili za kioo na utando wa plastiki laini katikati, vikabanwa kwa joto. Mafundi tunaita kwa namba, "sita nukta thelathini na nane", maana yake mm 3, mm 3, na utando wa mm 0.38. Mfaransa Édouard Bénédictus alipata wazo mwaka 1903, chupa ya maabara ilipoanguka ikapasuka bila kumwagika kwa sababu ndani iliachwa na utando wa selulosi uliokauka. Hataza aliipata mwaka 1909.

Nguvu yake ya kuanza kupasuka ni ya vioo vilivyomo, basi. Mwenye kukuuzia lamineti ya kawaida kwa kusema ni ngumu kuliko tempa anakudanganya. Faida yake inaanza baada ya kupasuka. Kumbuka kioo cha mbele cha daladala lililopigwa jiwe Kibaha likaendelea na safari mpaka Morogoro na utando wa buibui mbele ya dereva. Vipande vimeshikwa, mvua haiingii, dereva anaona, mwizi anatoka jasho. Utando ule nao ni amofasi, ila kwa joto la chumba uko karibu na ulaini wa mpira, kwa hiyo unavutika sana kabla ya kuchanika na unameza kishindo.

Ulaini huo una gharama yake huku kwetu. Kioo kinachotazama magharibi saa tisa alasiri kinachemka hata kukigusa hutaki, na utando unalainika. Mzigo wa haraka, kama upepo au bega la mtu, unaukuta bado unashikilia. Mzigo wa kudumu unaukuta unateleza, na karatasi mbili zinaanza kupinda kila moja kivyake. Mm 3 mbili zisizoshikana zina robo tu ya ukakamavu wa mm 6 moja. Kwa hiyo lamineti ya kubeba kitu siku zote, paa au kanyagio la ngazi, ihesabu kama vile utando haupo. Upo utando mkakamavu zaidi unaotumika kwenye nchi za vimbunga, ghali kweli, na kwa nyumba ya kawaida sijawahi kuuhitaji.

Halafu silikoni. Ile ya bei rahisi yenye harufu ya siki inakula utando kupitia pembeni. Baada ya misimu miwili ya mvua unaona ukungu mweupe ukitambaa kutoka kingo. Dai silikoni isiyonuka siki.

Kwa kitu kilicho juu ya vichwa vya watu au ukingo wa kuzuia mtu asidondoke, lamineti si hiari. Tempa peke yake ikivunjika juu inamwaga punje zilizogandamana mabonge mazito kama tofali. Mara nyingi huunganishwa, tempa mbili na utando katikati. Nzuri, ila karatasi zote mbili zikivunjika, punje hazishikani zenyewe kwa zenyewe na kioo kinalegea kama shuka lililolowa. Kwa paa wataalamu wanapendelea kioo kilichopikwa nusu, chenye mkazo wa megapaskali 70, kwa sababu kinavunjika vipande vikubwa vinavyoegemeana ndani ya utando.

Akriliki na polikaboneti

Hizi hutoka upande wa plastiki, na watu huzichanganya kwa sababu zote ni angavu na nyepesi. Mzigo ukizikuta zinatengana kabisa.

Akriliki ina ukakamavu wa gigapaskali 3 hivi. Inavutika asilimia 4 au 5 kabla ya kuvunjika, mara nyingi kuliko kioo, lakini mwishowe inavunjika kama kioo, tena kwa mlio. Kabla ya hapo inatoa dalili: weupe wa nyufa ndogo ndogo kama ukungu, hasa kuzunguka matundu ya skrubu. Nyufa hizo zimejaa nyuzi za plastiki zilizovutika, ndiyo maana kitu bado kimeshikana. Mwaka 2020 kaunta nyingi zilifungwa vizuizi vya akriliki kwa ajili ya korona, zikawa zinafutwa kwa kitakasa mikono kila saa. Baada ya muda kingo zote zikajaa michirizi kama barafu iliyopasuka. Kingo zilizokatwa kwa leza hubaki na mkazo ndani, na spiriti ikifika pale inazisaidia nyufa kufunguka. Sabuni ya maji na kitambaa laini, inatosha.

Polikaboneti ndiyo mtoto mvumilivu wa ukoo huu. Hermann Schnell wa Bayer na Daniel Fox wa General Electric waliipata kila mmoja kwa njia yake mwaka 1953. Ikifika megapaskali 60 hivi inaacha kubisha na kuanza kulegea, kisha inaendelea kuvutika mpaka zaidi ya mara mbili ya urefu wake kabla ya kuchanika. Ipige nyundo: inabonyea. Ukitaka kitu kisichopasuka kwa kweli, mama yangu, hiki hapa.

Lakini usikimbilie. Inakwaruzika hata kwa vumbi la kufutia, petroli na asetoni zinaiharibu, na jua linaigeuza njano na kuiondolea uvumilivu isipokuwa ina tabaka la kukinga. Tabaka hilo huwa upande mmoja, umeandikwa kwenye karatasi ya kufunikia. Nimeshuhudia vibaraza vizima vimeezekwa kichwa chini miguu juu kwa sababu kijana alibandua karatasi kabla ya kusoma. Na zote mbili hutanuka kwa joto karibu mara nane ya kioo: urefu wa mita 2, kwa tofauti ya nyuzi 40, unaongezeka milimita 5 hadi 6, wakati kioo hakifiki hata milimita 1. Tundu la skrubu lisipokuwa pana kuliko skrubu, karatasi inajipinda yenyewe kama chapati.

Hesabu inayowashangaza wateja ni ya rafu. Plastiki ni nyepesi, si ndiyo? Nusu ya uzito wa kioo kwa unene ule ule. Lakini ili akriliki isilegee kuliko kioo cha mm 6, unahitaji mm 17. Hapo mita moja ya mraba ina kilo 20, na kioo kilikuwa kilo 15.

| | Ukakamavu (gigapaskali) | Mkazo (megapaskali) | Mvutiko kwa mkazo huo | Uzito kwa m² 1, mm 6 |
|---|---|---|---|---|
| Kawaida | 70 | 45 | 0.06% | kilo 15 |
| Tempa | 70 | 120 | 0.17% | kilo 15 |
| Lamineti | 70 kwa kila karatasi | ya vioo vilivyomo | ya vioo vilivyomo | kilo 15 na ushee |
| Akriliki | 3 hivi | 70 hivi | 4–5% | kilo 7 |
| Polikaboneti | 2.3 hivi | 60 hivi, inalegea | 6%, kisha zaidi ya 100% | kilo 7 |

Za kioo ni namba za kufanyia hesabu, zimeshawekewa tahadhari. Za plastiki ni za kipande kipya kisicho na mkwaruzo. Usizisome kwamba akriliki ina nguvu kuliko dirisha lako.

Nyumba ya mama

Madirisha sita ya juu: kawaida, mm 5. Mawili ya chini yanayoangalia uchochoro: lamineti 6.38, kwa ajili ya wezi na mpira wa watoto. Alitaka tempa pale, nikamwambia mwizi ndiye atakayemshukuru.

Rafu za vyombo: kioo cha mm 8, kingo zimesuguliwa. Aliuliza kama akriliki isingekuwa salama kwa wajukuu. Nikampa ile hesabu ya kilo 20, akacheka. Tukakubaliana tempa ya mm 8 kwa rafu mbili za chini ambazo watoto wanazifikia.

Ukingo wa ngazi: tempa mbili na utando katikati. Hapa bei ilimkwaza, akataka kurudi kwenye tempa moja ya mm 10. Sikukubali. Mtoto akiegemea na kioo kikapukutika, hakuna kilichobaki kati yake na sakafu ya chini. Kama fedha haitoshi, aweke chuma au mbao, ngazi itapendeza vile vile.

Tundu la paa lilikuwa la kubishania. Lamineti ingekaa angavu miaka mingi, ila uzito ungetaka fremu ya chuma na fundi wa kupanda nayo. Polikaboneti yenye mianya ndani inapandishwa na mtu mmoja, na embe la jirani likidondoka haijali, lakini siku moja itaanza kuwa njano. Korido inahitaji mwanga tu, hakuna anayetazama mawingu. Akachagua polikaboneti, na nimemwandikia juu ya karatasi kwa kalamu nyekundu upande upi unatazama jua.

Mlango wa bafu ni tempa ya mm 8, hapo hatukubishana. Ila sijauagiza. Fundi marumaru hajamaliza, na nikiupima leo kwenye ukuta wa saruji, wiki ijayo utakuwa umezidi kwa unene wa marumaru na gundi yake, na hakuna kalamu itakayoupunguza.